Noti za Rupia za Wakati wa Vita: Jinsi ya Kuzikagua na Kuzihifadhi Tabora na Kigoma

Ukiletewa noti kuukuu iliyoandikwa "Interims-Banknote", anza na tarehe. Hizo ni noti za muda za Deutsch-Ostafrikanische Bank, benki ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, zilizochapwa humuhumu nchini kuanzia 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walipofunga pwani na noti za Ujerumani zikakosa njia. Nyingi zinataja Daressalam na Tabora. Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 19, 1916, kwa hiyo anayekuuzia noti ya Julai 1, 1917 kwa madai kwamba ilitengenezwa Tabora amekosea. Ile ni noti ya porini, yaani iliyotengenezwa msituni baada ya Wajerumani kuipoteza Tabora, na maandishi yake yamegongwa kwa herufi za mpira. Iweke kundi lake.

Mwenye mfuko mdogo aanze na rupia moja, zilitolewa nyingi. Andika daftarini thamani, tarehe, herufi, namba na sahihi. Mbili zinazofanana kwa mbali huweza kutofautiana kwa tarehe au aina ya karatasi, na hapo ndipo utamu ulipo.

Kisha ikague kwa lenzi inayokuza mara 10. Chapa ya zamani huibana karatasi na kingo za herufi huwa kamili. Nakala ya printa huonyesha vidoto vya rangi. Sahihi ya kalamu huwa nzito hapa, nyepesi pale. Ingia chumba chenye giza, mulika kwa tochi ya kutambulia pesa bandia. Karatasi ya 1915 hubaki imefifia. Ikiwaka buluu-nyeupe, shuku, kwa kuwa dawa za kung'arisha karatasi zilienea miaka ya 1950. Lakini noti halali iliyofuliwa kwa sabuni ya unga nayo huwaka, hivyo lenzi ndiyo iamue. Hata ikiwa halali, usiilipie bei ya noti safi.

Usiioshe, usiipige pasi, wala usiibandike selotepu: gundi yake hugeuka manjano na kupenya karatasi. Iliyochanika iache hivyohivyo.

Itie kwenye mfuko wa poliesta. Plastiki laini yenye harufu kali, ya PVC, hutoa mafuta yanayonata kwenye noti. Kigoma, karibu na ziwa, unyevu ndio adui: tumia kopo la mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe vikichoka. Tabora ogopa mchwa. Usiweke kopo sakafuni wala lisiguse ukuta.