Maua ya Miambani ya Majira ya Kuchipua: Kuyapanda na Kuyazalisha Bila Kuyaozesha

Kila Machi maduka ya bustani ya Uingereza na Ujerumani hujaa vyungu vidogo vya mimea ya milimani iliyofunikwa na maua. Watu huinunua, huipanda, na ifikapo Februari inayofuata kimebaki kijiti cheusi kilichooza. Lawama hupewa baridi, na baridi haina kosa. Huko Alps, juu ya mita 2,000, saksifraga, jentiana na primula hulala miezi mingi chini ya theluji, mahali penye giza, pasipo maji yanayotiririka, na joto halishuki mbali sana chini ya nyuzi sifuri. Bondeni mimea hiyo hunyeshewa mvua kuanzia Novemba hadi Machi, maji yakatuama kwenye shingo, pale shina linapokutana na mzizi. Hapo ndipo uozo unapoanzia. Ukilinda shingo, umelinda mmea.

Kitanda na udongo

Changanya kwa ujazo sehemu 1 ya udongo tifutifu wa bustani, sehemu 1 ya mboji ya majani iliyooza vizuri, na sehemu 2 za changarawe iliyooshwa ya milimita 3 hadi 6. Usitumie mchanga laini wa kupigia lipu, kwa sababu chenga zake huziba nafasi zote za hewa na mchanganyiko hushikamana. Kupima ni rahisi: lowesha konzi moja, ibane kwa nguvu, kisha fumbua kiganja. Ikisambaratika yenyewe, imefaa. Ikibaki donge, ongeza changarawe.

Penye udongo wa mfinyanzi, inua kitanda sentimita 30 na utandaze chini yake sentimita 10 hadi 15 za vifusi vya matofali. Mawe yazikwe angalau theluthi moja, na uso wa juu uinamie nyuma ili maji ya mvua yaingie kwenye udongo ilipo mizizi badala ya kudondokea mbele. Jiwe lililowekwa juu tu hutikisika, na mizizi iliyo chini yake hukatika. Kiache kitanda wiki tatu au nne kishuke kabla ya kupanda.

Wengi hukosea kwenye mche wenyewe. Dukani huwa umekuzwa kwenye mboji nyepesi inayoshika maji mengi. Ukiupanda na bonge lake zima katikati ya changarawe, majira ya joto bonge hukauka na maji yakapita pembeni bila kuingia; majira ya baridi bonge hilo hilo hubaki limelowa wiki nzima baada ya mvua. Suuza mizizi kwenye ndoo ya maji mpaka angalau nusu ya mboji itoke, itandaze, kisha panda shingo ikiwa sentimita 2 juu ya uso wa udongo. Pengo hilo lijaze changarawe tupu hadi chini kabisa ya majani. Lewisia cotyledon, mmea wa milima ya kaskazini mwa California na kusini mwa Oregon, uupande ukiwa umelazwa ubavu kwenye ufa baina ya mawe mawili, maji yasipate kutuama katikati ya majani yake. Tena haupendi chokaa. Pulsatilla na saksifraga zenye majani ya rangi ya fedha, kinyume chake, hustawi kwenye kokoto za chokaa.

Mimea yenye manyoya au majani yaliyobanana sana izibiwe mvua kuanzia Novemba hadi Machi kwa kipande cha kioo kilichoegemezwa juu ya mawe, pande zote zikiwa wazi. Ukiziba pande, unazuia hewa na kuukaribisha ukungu wa kijivu.

Mbolea ni kidogo sana. Iliyo kitandani haihitaji kitu. Iliyo kwenye vyungu ipewe mbolea ya maji inayotumika kwa nyanya, nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara mbili au tatu kati ya Machi na Mei. Naitrojeni nyingi hutoa majani laini ambayo ndiyo ya kwanza kuoza.

Mbegu

Ua zuri la kuanzia kujifunzia ni Pulsatilla vulgaris, linalochanua zambarau karibu na Pasaka. Vaa glavu, maana utomvu wake huwasha ngozi. Baada ya maua, kichwa chake hugeuka mpira wa mikia yenye manyoya, kila mkia ukiwa na mbegu moja chini yake. Mwezi Juni uvute taratibu: mbegu zikiachia bila kung'ang'ania, zimekomaa. Zipande wiki hiyo hiyo. Jaza chungu cha sentimita 9 mchanganyiko wa nusu mboji ya kuoteshea na nusu changarawe laini, laza mbegu juu, zifunike kwa milimita 5 za changarawe, na ukiweke nje penye kivuli. Mbichi huota baada ya wiki tatu hadi tano. Mbegu hizo hizo zikikaa kabatini hadi Oktoba, nyingi huingia usingizini na hazitaamka mpaka zipite baridi.

Hamisha miche mara tu jani la kwanza la kweli linapotokea. Mzizi wake mkuu hukimbilia chini haraka, na ukikatika mche hudumaa mwaka mzima. Kwa sababu hiyo hiyo, Pulsatilla iliyokwisha kukomaa haihamishwi. Tarajia maua ya kwanza katika majira ya pili ya kuchipua.

Mbegu kavu za kununua, ziwe za jentiana, primula au saksifraga, zipandwe Desemba au Januari na zikae nje zipigwe na barafu. Baridi peke yake haitoshi. Lazima mbegu iwe imenyonya maji kwanza. Pakiti kavu kwenye friji haifanyi kazi yoyote ya kuamsha mbegu. Kama majira ya baridi ya mahali ulipo ni hafifu, changanya mbegu na mchanga mnyevu kwenye mfuko wa plastiki, uweke kwenye friji kwa nyuzi 2 hadi 5 za Selsiasi wiki sita hadi nane, na uukague kila wiki. Mbegu za primula na jentiana ni ndogo na huhitaji mwanga, kwa hiyo zinyunyizie changarawe laini safu moja tu, isizifunike kabisa. Chungu kisichoota mwaka wa kwanza usikimwage: kiwekee kibao cha jina na tarehe, kisubiri majira ya baridi ya pili.

Mbegu za aina adimu hupatikana kwa wanachama wa Alpine Garden Society ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1929, na wa North American Rock Garden Society. Vyama vyote viwili huendesha ugavi wa mbegu kila mwaka. Kuchimba mmea porini hakufai hata kidogo. Pulsatilla imebaki sehemu chache tu nchini Uingereza, na sheria ya mwaka 1981 ya kulinda wanyamapori na mimea inakataza kung'oa mmea wowote wa porini bila idhini ya mwenye ardhi.

Vipandikizi na kugawa

Aina zenye majina ya kibiashara hazirudi sawa kwa mbegu. Saksifraga zilizobanana kama mto wa kulalia, zinazochanua Februari hadi Aprili, hukatwa Mei au Juni, maua yakiisha. Chukua duara moja la majani lenye kijishina cha sentimita 1, banua majani makavu ya chini kwa kibanio, kisha chomeka kijishina kwenye mchanga wa chenga kubwa uliolowa mpaka majani yaguse mchanga. Weka kivulini, na maji yaingie kwa chini, chungu kikiwa kimesimama kwenye sinia lenye maji kwa dakika chache. Ukimwagia juu, duara huoza katikati. Baada ya wiki sita hadi nane livute kidogo. Likikataa kutoka, limeshika mizizi.

Primula auricula hugawanywa baada ya maua. Vuta vichipukizi vya pembeni vikiwa na mizizi yake, paka majeraha unga wa salfa au mkaa, panda kila kimoja kwenye chungu cha sentimita 7. Gentiana acaulis pia hugawanywa baada ya maua, kwa mafungu makubwa kiasi cha kiganja, kwani vipande vidogo hukaa miaka bila kuchanua. Aubrieta ikatwe nusu mara maua yanapokwisha, na ncha changa zichomekwe mchangani. Phlox subulata ni rahisi kuliko zote: fukia tawi kwa changarawe Juni, likate Septemba.

Aliye Limuru au Njombe asitumie fedha zake kwa jentiana na auricula. Nyanda hizo zina usiku wa baridi, lakini hazina miezi mfululizo ya baridi ambayo mimea hii huihitaji ili itoe maua. Hata senesio na lobelia kubwa za Kilimanjaro zimezoea mpango mwingine, barafu usiku na jua kali mchana, mwaka mzima.

Wadudu wa kuchunguza

Mmea ukinyauka ghafla wakati udongo una unyevu, usimwagie maji. Uchomoe chunguni. Nta nyeupe kama pamba kwenye mizizi ya auricula ni vidukari wa mizizi: osha mizizi yote, tupa udongo wa zamani, panda upya kwenye chungu kisafi. Funza weupe wenye kichwa cha kahawia waliojikunja ni watoto wa fukusi wa mizabibu, na huweza kutafuna mizizi yote kuanzia Septemba. Waue kwa mkono, kisha mwagilia nematodi (minyoo midogo sana) wa kuua funza kwenye vyungu vyote mwishoni mwa Agosti au Septemba, udongo ukiwa bado na joto zaidi ya nyuzi 5.