Muji muzuri mu SimCity BuildIt, na bintu bisikosekane

Bantu mingi huku Lubumbashi benye kucheza SimCity BuildIt, ile gemu ya telefone ya kujenga muji, beko na miji ya namna mbili: kuko muji wa kupendeza wenye hauna hata misumari ya kujengea, na kuko muji wenye kujaa viwanda na moshi ku kila barabara. Miye naona unaweza kupata byote mbili, ila lazima upange nafasi mapema.

Mbele ya kujenga nyumba chagua kona moja ya mwisho kabisa, pale njo utaweka viwanda byote, na santrali ya umeme ya makaa, na pa kutupia takataka. Kila kimoja kiko na duara yake ya uchafu, ikigusa nyumba bantu banalalamika, furaha inashuka na kodi inashuka pamoja. Shiye ba hapa tunajua hiyo hata bila gemu, ile sheminee ndefu na terile, kile kilima cha takataka za madini, binaonekana toka mbali, na mwenye alikuwa anakaa kwenye upepo ulikuwa unapeleka moshi hakuishi sawa na mwenye alikuwa ngambo ingine.

Maduka yenyewe hayachafue. Usiyafiche kule ku viwanda, yapange katikati ya nyumba, unapata barabara yenye uhai na misumari iko inatengenezwa palepale.

Sasa parke, na hapa njo bengi banaharibu feza. Parke haiko pambo tu, inaongeza bantu mu nyumba zote zenye ziko ndani ya duara yake, kwa hiyo usiziweke pembeni ya muji ati zionekane muzuri. Weka moja kati ya mistari mbili ya nyumba, isogeze polepole na utazame duara inashika nyumba ngapi, mbele ya kukubali. Kuhamisha nyumba ni bure, basi zisogeze zikaribie parke.

Kwa kuvuna bintu bya viwanda, angalia saa zako. Chuma kinaiva mu dakika 1, mbao 3, plastiki 9, mbegu 20, madini 30. Hizo za dakika kidogo zifanye wakati telefone iko mu mukono, lakini ukienda kulala ao ukiona kura (umeme) itakatika na batiri imebakia kidogo, jaza viwanda byote na dawa za kemikali za saa 2, vitambaa za saa 3, ao sukari na viungo za saa 4, juu kiwanda kinaendelea hata telefone imezimika, na gemu yenyewe haifunguke bila mega za internet so ni muzuri kuingia mara moja yenye maana.

Depo ikijaa usikimbilie kuuza bei ya chini, acha bintu bilale mu kiwanda mpaka utabihitaji. Na zile kufuli, kamera na vyuma za kupanua depo usiuzie muntu hata akileta feza mingi, hizo ni zako.