Liki ya Kudumu Hukatwa, Haing'olewi

Kosa linalomaliza liki za kudumu (mboga ya jamii ya kitunguu inayochipua tena mwaka hadi mwaka) bustanini ni moja na linarudiwa kila msimu: mtu anashika shina, anavuta, anaondoka na mmea mzima pamoja na mizizi. Liki ya kawaida huvunwa hivyo, na hakuna ubaya. Hii ya kudumu ukiing'oa, umepika mboga na mbegu katika sufuria moja.

Fukua udongo kidogo utazame. Pale mizizi inapoanzia pana kitako kigumu, chembamba. Majani yote huota kutoka hapo, na ubavuni mwake ndipo vinapochomoza vichipukizi, yaani mimea yako ya mwaka ujao. Kitako kikibaki ardhini na mizizi yake, kinasukuma majani mapya katikati ya mkato.

Kwa hiyo, kabla ya kukata, ondoa udongo kwa vidole hadi kitako kionekane. Pima sentimita 3 kwenda juu, ukate hapo kwa kisu kikali kilichosafishwa, mara moja, bila kukereza. Nimesema 3, si 1. Wapo wanaoona uchungu kuacha kile kipande cheupe ardhini, wanashusha kisu hadi kinagusa kitako. Kwa kugombania sentimita mbili za mboga wanapoteza shina zima. Na anayekata juujuu ya tuta bila kufukua haui mmea, ila anaacha sehemu tamu kuliko zote.

Kata asubuhi, siku kavu. Usifukie papo hapo wala usimwagie maji juu ya kidonda, maana maji yakituama pale kitako kinaoza. Subiri siku mbili pakauke, ndipo urudishe udongo na kuweka konzi mbili za mboji iliyoiva kando ya shina. Ncha ya kijani ikichungulia katikati, umefaulu.

Mwaka wa kwanza usikate kitu, hata shina likinenepa vipi. Kuanzia wa pili, chagua mashina yaliyofikia unene wa kidole gumba, na katika kila kishada, yaani kundi la mashina yaliyoota pamoja, acha angalau theluthi moja bila kuguswa. Shina lililokatwa lisikatwe tena mpaka lirudie unene ule.

Baadhi ya aina hukauka majani yote majira ya joto. Hapo tena watu huchukua jembe wakidhani mmea umekufa! Umelala tu. Chomeka kijiti cha alama, punguza maji, uache.

Kuchimbua kunaruhusiwa wakati mmoja: kila baada ya miaka 2 au 3, kishada kinapobanana na mashina kuanza kuwa membamba. Inua kishada chote kwa uma wa bustani, utenge vichipukizi kwa mkono, kila kimoja na mizizi yake. Chenye unene wa penseli kipe shimo la kina cha sentimita 15. Kilicho chembamba zaidi, sentimita 5 zinatosha, kwani ukikizamisha hadi udongo uingie katikati ya majani kitaoza. Mche hadi mche sentimita 20, mstari hadi mstari 30. Shimo usilijaze udongo: mimina maji, udongo utajishusha wenyewe kuzunguka mizizi.

Ukikuta ukungu mweupe kitakoni wenye chembe ndogo nyeusi, usigawe kishada hicho wala kukitupa kwenye mboji. Ni kuoza kweupe, na chembe zake huweza kukaa udongoni hata miaka 20. Choma mmea, na eneo hilo lisipandwe tena liki, kitunguu wala kitunguu saumu.

Shina likitoa kikonyo cha ua, kikate kingali laini. Shina lenyewe litakuwa gumu, halifai tena jikoni, lakini usiling'oe: nguvu iliyokuwa iende kwenye ua inashuka kukuza vichipukizi vya chini.