Somo: kuchagua silikoni na rezini za kutengenezea kete na visanamu vya gemu

Wakuu habari zenu. Wengi wanaoanza hii kazi huuliza kwanza wanunue rezini gani, mi nasema anza na silikoni (mpira wa maji unaoganda, ndo unatengenezea moldi, yani kalibu), rezini (plastiki ya maji unayomwaga ndani ya moldi ikagande) utaifikiria baadae. Rezini inakopi kile tu ambacho moldi imekishika, moldi ikikosa kidole cha kisanamu ndo kimeenda hicho, hata ununue rezini ya bei mbaya namna gani hakirudi.

Hatua ya 1: angalia orijino yako, yani kile kitu unachotaka kukikopi, ni ya nini. Usinunue chochote kabla ya hapa. Silikoni za kazi hii ziko za aina mbili, ya bati na ya platinamu, yani kinachoigandisha. Ya platinamu karibu haisinyai kabisa na moldi yake inakaa miaka, ila ina vitu haipatani navyo. Ikigusa salfa inagoma kuganda, na salfa iko kwenye udongo mwingi wa kufinyangia na kwenye glavu za lateksi. Kisanamu kilichotoka kwenye printa ya rezini nacho kinaigomesha. Mi nilishamwagia kisanamu nilichoprinti mwenyewe, nikasubiri siku nzima, kufungua nakuta nje pameganda safi alafu pale inapogusana na kisanamu ni uji unaonata, sura yote imepotea na kopo zima nilikuwa nimelimaliza hapo, iliniuma sana. Ya bati haina makuu, inaganda juu ya karibu kila kitu, ila inasinyaa kidogo na moldi yake baada ya miaka michache inakuwa kavu na kuchanika. Ukiwa na wasiwasi paka tone moja chini ya kitako cha orijino uliache muda wake wote, likibaki linanata badilisha mpango.

Hatua ya 2: ugumu. Kwenye kopo kuna namba ya Shore A, kipimo cha ugumu wa mpira, namba ndogo ni laini zaidi. Kwa visanamu vyenye mikuki na mikono iliyonyooshwa chukua 15 mpaka 20, inapinda na kutoa kitu bila kukivunja. Dadu na kete zenye pande bapa zinataka 25 mpaka 30 ili ukuta usibonyee. Na chagua inayomwagika yenyewe, ile nzito ya kupaka inabaki na mapovu mengi.

Hatua ya 3: kiasi. Boksi la matofali ya Lego linatosha kabisa, acha kama sentimita 1 kila upande wa orijino. Urefu mara upana mara kimo cha ndani ya boksi, kwa sentimita, unapata mililita, zidisha na kama 1.1 (angalia karatasi ya silikoni yako) unapata gramu. Nunua mizani inayosoma gramu 0.1, hii usiibanie hela, kukadiria kwa macho ndo kunaharibu kazi.

Hatua ya 4: sasa rezini. Poliuretheni ni nyepesi kama maji, inaingia kila kona, nyingi zinakupa dakika chache tu za kumwaga na ndani ya nusu saa unatoa kipande. Adui yake ni unyevu, kopo likikaa wazi au ukikorogea kijiti cha mbao inaweza kuumuka povu, kwa hiyo tumia vya plastiki. Epoksi inachukua siku nzima au zaidi ila inang'aa, ndo ya dadu za kuonyesha ndani. Soma kama vipimo ni vya uzito au vya ujazo maana haviko sawa. Alafu glavu za naitraili, madirisha wazi na barakoa ya filta za mvuke, sio ya kitambaa. Poliuretheni ina isosayaneti inayodhuru mapafu, na aleji ya epoksi ikishakupata haiondoki.

MASWALI

Swali: Mkuu bila vakyumu (mashine ya kunyonya hewa ili mapovu yatoke) naweza?
Jibu: Unaweza. Paka silikoni kwa brashi kwenye sura kwanza, alafu mwaga iliyobaki kutoka juu, uzi mwembamba, kwenye kona moja ya boksi. Watu wanachanganya, vakyumu ni ya silikoni, rezini inataka tanki la presha, linalobana mapovu yasionekane. Ukija kununua tanki usizidishe presha iliyoandikwa juu yake, likipasuka linaua. Na moldi ya kutumia humo igandishe humo humo kwa presha, la sivyo mapovu yaliyobaki ndani ya silikoni yatabonyea na vipande vyako vitatoka na vinundu.

Swali: Natengeneza moldi ya vipande viwili, nusu ya pili imegandana na ya kwanza, nimekosea wapi?
Jibu: Silikoni inashika silikoni. Kabla ya kumwaga ya pili paka dawa ya kuachanisha au vaselini nyepesi sana, ikiwa nene alama za brashi zitatokea.

Swali: Nishanunua ya platinamu na orijino ni ya printa, nifanyeje?
Jibu: Ioshe vizuri na alkoholi, ikaushe, iweke kwenye taa ya UV muda mrefu kuliko kawaida, alafu ipulizie vanishi ya akriliki koti mbili tatu. Hata hapo jaribu tone kwanza ndugu yangu, sio printi zote zinakubali.

Swali: Na rezini ya UV, ile inayoganda kwa mwanga, je, moldi yangu ni nyeupe.
Jibu: Mwanga haupiti hapo, ndani itabaki maji. Inataka silikoni angavu.