Kuunganisha ofisi na saiti kwa programu za wingu: mwongozo kwa wajenzi wa Mtwara na Lindi

Mkandarasi anayejenga Newala au Nachingwea mara nyingi ana msanifu majengo aliyeko Dar es Salaam, mkadiriaji majenzi aliyeko Mtwara mjini na mafundi walioko saiti, na wote hao hutegemea kikundi kimoja cha WhatsApp ambamo mchoro mpya hufunikwa na salamu za asubuhi na risiti za dizeli kabla fundi wa nondo hajaufungua. Programu ya wingu, yaani ile ambayo mafaili yake hukaa kwenye seva za mbali na kufunguliwa na kila aliyeruhusiwa kwa simu au kompyuta, huondoa ubishi juu ya mambo mawili: mchoro upi ndio unaotumika leo, na nani anadaiwa jibu. Mradi usipoyapangia utaratibu mambo hayo mawili, programu itakuwa kabati jingine la makaratasi, tena la kulipia.

Kwa nyumba ya makazi au madarasa machache, Google Drive, ambayo hutoa GB 15 bila malipo, pamoja na jedwali moja la Google Sheets vinatosha kabisa. Kwa jengo la ghorofa au kazi yenye wakandarasi wasaidizi wengi, zipo programu kama Procore na Autodesk Construction Cloud, zinazounganisha michoro, maswali ya kiufundi na kumbukumbu za ukaguzi mahali pamoja. Kabla ya kulipia, ijaribu kwenye simu ya msimamizi wa saiti badala ya kompyuta ya ofisini: zima data, kisha uone kama mchoro uliopakuliwa jana bado unafunguka.

Mafaili yapangwe kwa hatua yaliyofikia, si kwa majina ya watu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 19650, ambacho sehemu zake mbili za kwanza zilitolewa mwaka 2018, hutenganisha hali nne: kazi inayoendelea, kazi iliyotolewa kwa wenzake waipitie, kazi iliyoidhinishwa na kumbukumbu. Mafundi waione folda ya tatu tu. Jina la faili nalo libebe mradi, jengo, namba ya mchoro na toleo, kwa mfano NWL-DARASA1-104-B, ili mtu asilazimike kufungua faili liitwalo “mchoro mpya wa mwisho” kujua lilimo.

Tuchukue lenta ya darasa, yaani boriti ya zege inayopita juu ya dirisha. Toleo A linaonyesha nondo mbili za milimita 12 upande wa chini. Dirisha linapoongezwa upana, mhandisi anatoa toleo B lenye nondo tatu. Mtu mmoja aliyepewa mamlaka ya kuidhinisha, na mmoja tu, analihamishia toleo A kwenye kumbukumbu siku hiyohiyo na kuliweka B mahali pake, kisha msimamizi wa saiti anaandika kwenye jedwali kwamba amelipokea. Baada ya hapo anakwenda stoo, anaibandua nakala ya A iliyo ukutani, anaikata kwa kalamu nyekundu na kubandika B. Hakuna programu itakayombandulia karatasi hiyo, na kwa maoni yangu hapo ndipo mifumo mingi mizuri hufia. Kabla zege halijamwagwa, nondo zipigwe picha zikiwa na futi kando yake, na picha ipakiwe moja kwa moja kwenye folda ya lenta hiyo, kwa kuwa picha inayotumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp hupunguzwa ubora.

Kila swali la kiufundi lipewe namba, picha, mchoro linaouhusu, tarehe ya mwisho ya jibu na jina la mtu mmoja. “Ofisi ya mhandisi” si mtu. Jibu likitolewa kwa simu, aliyelipokea aliandike kwenye mfumo kabla kazi haijaendelea na mhandisi alithibitishe.

Shajara ya saiti ijazwe kila jioni: idadi ya mafundi na vibarua, vifaa vilivyopokelewa, kazi iliyofanyika na saa zilizopotea kwa mvua. Kusini mvua zina msimu mmoja mrefu, takriban Desemba hadi Aprili, na mkandarasi atakayeomba kuongezewa muda atahitaji rekodi iliyoandikwa siku ileile. Kalenda ya mfumo pia iwekewe vikumbusho vya kupima sampuli za zege siku ya 7 na ya 28. Zege lililomwagwa tarehe 3 Juni lina miadi ya tarehe 10 Juni na 1 Julai. Ratiba ya vifaa nayo ifuate hali ya mahali. Minada ya korosho ikianza Oktoba, malori hugombewa, na juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya shida, boza la maji lipangwe katika ratiba kama saruji inavyopangwa.

Mtandao utakatika. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoleta mafuriko, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, na siku chache baadaye, tarehe 12, hitilafu ya nyaya za baharini ikadhoofisha intaneti nchini. Kwa hiyo michoro ya kazi za wiki mbili zijazo ipakuliwe kwenye simu kila Ijumaa, saiti iwe na laini za kampuni mbili, na seti moja iliyochapishwa isitoke stoo.

Namba za NIDA na orodha za malipo ya vibarua zisiwekwe katika folda inayoonwa na kila mtu; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu hata wajenzi wadogo. Akaunti kuu ifunguliwe kwa barua pepe ya kampuni, kwa kuwa msimamizi anayeondoka na nywila yake huondoka na mradi. Jengo likikabidhiwa, pakua kumbukumbu zote kwenye diski mbili, moja abaki nayo mwenye mradi, na usisitishe malipo ya programu mpaka kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, kiishe.