Dalili za kabla ya hedhi: anza na daftari, vidonge baadaye

Hatua ya 1: Andika mizunguko miwili. Siku damu inapoanza ndiyo siku ya 1. Kila usiku zipe dalili alama, 0 hadi 3: hasira, machozi ya karibu, matiti kuuma, tumbo kujaa, uchu wa vitu vitamu, usingizi mbovu. Dalili za kabla ya hedhi hujitokeza baada ya yai kupevuka, katika wiki mbili za mwisho, na hutulia siku chache baada ya damu kuanza. Zikikaa mwezi mzima, tafuta chanzo kingine: upungufu wa damu, tezi ya shingo, sonona. Wengi huruka hatua hii, kisha hawajui kilichowafaa ni kipi.

Hatua ya 2: Kalsiamu. Katika mambo ya lishe, hili ndilo ningelianza. Lenga miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, ukihesabu na chakula. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kama 300. Mtindi na samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao nao wamo. Spinachi inakudanganya: kalsiamu imo, ila oksalati, kemikali iliyomo kwenye majani hayo, huishika isifyonzwe. Ukitumia vidonge, usizidishe 500 kwa mara moja. Vile vya kalsiamu kaboneti vimeze pamoja na chakula, mbali na vidonge vya madini ya chuma kwa saa mbili. Uliwahi kuwa na mawe ya figo? Muulize daktari kwanza. Vumilia mizunguko mitatu. Kumeza wiki ya dalili tu hakusaidii.

Hatua ya 3: Kahawa, chumvi, milo. Punguza kahawa nusu kikombe kila baada ya siku mbili tatu. Ukiikata ghafla kichwa kitauma, nawe utaandika daftarini kuwa ni hedhi. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyojificha kwenye mkate na viungo vya pakiti (ushahidi wake ni hafifu kuliko wa kalsiamu). Kula kidogo kidogo, mara tano au sita, nafaka zisizokobolewa na jamii ya kunde.

Hatua ya 4: Mazoezi. Dakika 30, siku tano kwa wiki, mwezi mzima.

Vitamini B6 usijipimie: ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva, na ganzi ya vidole ndiyo dalili ya kwanza.

Dalili zikikuzuia kufanya kazi, nenda hospitali na daftari lako. Mawazo ya kujidhuru hayasubiri mzunguko wa pili. Nenda siku hiyohiyo.