Unataka kuvalisha Premio rimu kubwa? Pima kwanza

Wenye Premio au Allion mnaotaka kutoka rimu ya inchi 15 kwenda 16 au 17, msiangalie urembo tu jamani, angalieni kimo cha tairi zima. Kama gari ilikuja na tairi 195/65R15 (upana milimita 195, ukuta asilimia 65 ya upana, rimu inchi 15), kimo chake ni kama milimita 634, sasa ukienda 16 weka 205/55, ukienda 17 weka 215/45 au 205/50, hapo spidomita haidanganyi sana na tairi haili madigadi. Tundu za nati kwenye rimu ni tano, 5x100 (yaani zimepangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 100), rimu za 5x114.3 hazikai hata fundi akikwambia "zitaingia tu", usikubali!! Na tundu la katikati likiwa kubwa kuliko habu, pale katikati rimu inapokalia (yake ni milimita 54.1), tafuta ringi za kuziba, la sivyo stelingi inatetemeka ukifika spidi 80.

Kabla hujalipa jaribu na watu watatu siti ya nyuma, kata kona mpaka mwisho kulia na kushoto, usikilize kama inasugua. Mimi kwa barabara zetu za mashimo naishia 16, ya 17 ukuta wake mwembamba, shimo moja tu rimu imepinda na watoto wamo ndani. Ukishatembea kilomita 100 hivi, kaza nati tena.